Ngome Ndogo za Udongo za England na Wales na Ulinzi Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu ngome ndogo za udongo na mbao zilizojengwa England na Wales katika karne ya 11 na ya 12, na sheria zinazozilinda leo. Mfano tutakaourudia ni Hen Domen, mpakani mwa Wales, kwa sababu ni ngome chache sana za aina hiyo zilizowahi kuchunguzwa kwa subira kiasi kile. Mwenye shamba lenye kilima anaweza kwenda moja kwa moja sehemu ya tatu. Sheria za England na za Wales hazifanani kila kitu. Penye tofauti yenye uzito tumeitaja.

## Sehemu ya kwanza: mambo ya msingi

1. Ngome ya udongo ni nini?

Ni ngome ambayo kinga yake ilitokana na udongo uliochimbwa na kurundikwa, kisha mbao zikasimamishwa juu yake. Iliyozoeleka ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kilima cha kutengenezwa kwa mikono: cha mviringo, ubavu mkali, kilele bapa. Juu yake palisimama mnara wa mbao, au boma la magogo peke yake. Ya pili ni ua ulio chini ya kilima, nao umezungukwa na tuta, boma na handaki. Uani ndiko watu walikoishi hasa. Huko kulikuwa na ukumbi wa bwana, jiko, ghala la nafaka, banda la farasi, na pengine kanisa dogo. Daraja la mbao liliunganisha ua na kilima. Ua ukitekwa, walinzi walikimbilia juu na kupigana kutoka huko.

Nyingine hazina kilima kabisa. Zina tuta nene la mviringo na handaki nje yake, na majengo yakiwa ndani. England zimeandikishwa zaidi ya ngome 600 zenye kilima, ilhali zile za tuta la mviringo ni takriban 200 tu.

2. Nani alizijenga, na kwa nini hakutumia mawe?

Nyingi ni kazi ya Wanormani, baada ya Duke William wa Normandy kuishinda England mwaka 1066. Walikuwa wachache katikati ya watu waliowachukia, na walihitaji mahali pa kulala salama kuanzia wiki ya kwanza. Ukuta wa mawe unataka machimbo, chokaa, waashi na miaka. Kilima cha udongo kinataka majembe na watu wengi, na watu walipatikana kwa kulazimishwa. Kwenye kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa karne hiyohiyo, wanaonekana wanaume wakirusha udongo kwa majembe kupandisha kilima cha Hastings. Mwandishi Orderic Vitalis anasimulia kwamba mwaka 1069 mfalme alikaa York siku 8 na kujenga ngome ya pili mjini humo.

Wimbi jingine lilikuja wakati wa vita vya kugombea ufalme chini ya Mfalme Stephen, kati ya 1135 na 1154. Watawa wa Peterborough waliandika kwa uchungu kwamba wakubwa waliijaza nchi ngome, na wanyonge wakateswa kwa kazi za kuzijenga. Ni vizuri kulikumbuka hilo unapopita shambani ukaona kilima kilichotulia chini ya majani mabichi. Kwa aliyeshika jembe, kile kilikuwa kilima cha kutawaliwa.

3. Hen Domen iko wapi, na ilikuwa ya nani?

Iko Powys, Wales, karibu na mji mdogo wa Montgomery na kilomita chache tu kutoka mpaka wa England. Ilijengwa miaka ya 1070 na Roger de Montgomery, Mnormani aliyepewa uerli (cheo cha juu cha ubwana) wa Shrewsbury, naye akaipa jina la kwao Normandy. Imetajwa katika daftari kuu la ardhi la mwaka 1086. Ililinda kivuko cha Rhydwhyman kwenye mto Severn, mahali ambapo jeshi au msafara wowote ungependa kuvukia.

Mwaka 1095 Wawelisi waliiteka. Mwana wa Roger alipoasi mwaka 1102 familia ilinyang'anywa mali, na ngome ikapewa Baldwin de Boulers, ambaye jina lake limebaki katika jina la Kiwelisi la mji, Trefaldwyn. Mwaka 1223 Mfalme Henry III alianza ngome mpya ya mawe juu ya mwamba mwendo mfupi kutoka hapo, na ile ya udongo ikashuka cheo, ikabaki kama kituo cha kulindia kivuko. Kwenye kivuko hichohicho, mwaka 1267, Henry alimtambua Llywelyn ap Gruffudd kuwa Mwanamfalme wa Wales. Kabla ya karne hiyo kwisha, au karibu na mwisho wake, ngome ya udongo ilikuwa imeachwa.

4. Nilikwenda kutazama, nikaona kilima chenye miti na mitaro. Ngome yenyewe iko wapi?

Hiyo uliyoiona ndiyo ngome. Mbao zimeoza, lakini kila nguzo iliyosimikwa ardhini iliacha shimo, na shimo likajaa udongo wa rangi na ulaini tofauti na ule ulio kando yake. Kila ukuta wa udongo ulioanguka uliacha tabaka lake. Handaki linalobaki na maji linaweza hata kuhifadhi mbao zenyewe, ngozi na mbegu kwa karne nyingi, kwa kuwa vitu hivyo huoza polepole sana pasipo na hewa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wakiona ukuta wa mawe uliobomoka wanajua wamefika kwenye malikale. Wakiona mwinuko wa nyasi wanadhani historia imekwisha. Ukweli ni kwamba kwenye ngome ya udongo kumbukumbu yote imo udongoni, wala hakuna nakala yake mahali pengine. Ukuta wa mawe ukigongwa na trekta, mawe yake bado yanaweza kurudishwa. Shimo la nguzo likishavurugwa na jembe la trekta, halirudi.

5. Uchimbaji wa Hen Domen ulifunua nini?

Philip Barker alianza kuchimba mwaka 1960, baadaye akiwa pamoja na Robert Higham, na kazi ikaendelea kila kiangazi hadi 1992. Zaidi ya miaka 30, na walichochimba hasa ni nusu ya kaskazini ya ua. Barker hakukubali mtindo wa wakati wake wa kukata mitaro myembamba huku na kule. Alifunua eneo pana kwa wakati mmoja, akasafisha kwa mwiko mdogo wa chuma, na kuchora changarawe na mawe jinsi yalivyolala kabla ya kuyaondoa.

Bila subira hiyo wangekosa karibu kila kitu. Kuna majengo ya Hen Domen ambayo hayakuwa na mashimo ya nguzo, kwa kuwa yalikaa juu ya magogo yaliyolazwa chini. Kilichobaki kilikuwa mstari tu ambapo changarawe zinakoma, au kipande cha ardhi kilicholainika kuliko jirani yake. Mtaro mwembamba ungepita katikati na mchimbaji angeapa kwamba hapakuwa na kitu. Walichokipata ni ua uliojaa majengo, yamebanana, yakijengwa, yakibomolewa na kujengwa upya kizazi baada ya kizazi. Jengo kubwa chini ya kilima. Alama za daraja la kupandia. Na safu mbili za mahandaki na matuta kuuzunguka ua.

Vitu vya matumizi vilikuwa vichache mno. Bila maandishi yaliyobaki, mtu angeweza kudhani wakazi walikuwa mafukara, kumbe walikuwa mabwana wa mpaka. Na chini ya ngome yenyewe lilitokea shamba: matuta ya kilimo ya kabla ya 1066, yaliyofunikwa na kuhifadhiwa na udongo wa ngome. Daftari la 1086 linasema nchi hiyo ilikuwa pori la kuwinda kabla ya Wanormani kufika. Kwa hiyo kuna watu waliolima pale, wakaondoka, pori likarudi, ndipo ngome ikaja. Majina yao hatuyajui, lakini mifereji ya jembe lao ipo.

## Sehemu ya pili: ulinzi wa kisheria

6. Inaposemwa kilima "kimeorodheshwa", maana yake nini?

Maana yake serikali imekiingiza kwenye orodha rasmi ya mabaki ya kale yenye umuhimu kwa taifa zima, na kuanzia siku hiyo ni kosa kukibadilisha bila kibali. Orodha inakuja na ramani yenye mstari. Kilicho ndani ya mstari kimelindwa, chini ya ardhi na juu yake, na mara nyingi mstari unaongezewa mita kadhaa nje ya handaki ili kingo nazo ziwe salama.

England ina karibu maeneo 20,000 ya namna hiyo, na Wales zaidi ya 4,000. Ardhi inabaki ya mwenyewe: anaweza kuiuza, kuirithisha au kuikodisha, na ulinzi unaifuata ardhi kwa kila mmiliki mpya.

7. Sheria yenyewe ni ipi?

Sheria ya kwanza ilikuwa ya 1882, na ilikuwa dhaifu. Ilianza na maeneo 50 tu ya Uingereza bila kuhesabu Ireland, karibu yote ya kabla ya historia, na ilitegemea hiari ya mwenye ardhi. Mkaguzi wake wa kwanza, Jenerali Pitt-Rivers, alizunguka nchi akiwabembeleza wamiliki. Bunge liliiongezea nguvu mwaka 1913, na England bado inatumia Sheria ya Mabaki ya Kale na Maeneo ya Kiakiolojia ya 1979.

Wales imekwenda njia yake. Sheria yake ya 2016 ilileta kinga ya muda, yaani mahali panalindwa tangu siku mashauriano ya kupaorodhesha yanapoanza, ili mtu asiwahi na buldoza kabla ya uamuzi. Sasa yote yamekusanywa katika Sheria ya Mazingira ya Kihistoria ya Wales ya 2023, iliyoanza kutumika tarehe 4 Novemba 2024.

8. Nani anaamua nini kiorodheshwe na nani apewe kibali?

England, shirika la Historic England linachunguza na kushauri, na waziri wa utamaduni ndiye anayeamua, kuorodhesha na hata kutoa kibali. Wales kazi hiyo inafanywa na Cadw, idara ya serikali ya huko inayoshughulikia urithi, kwa niaba ya mawaziri wa Wales. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mahali paorodheshwe, wala si lazima awe mwenye ardhi. Orodha zote mbili ziko wazi mtandaoni pamoja na ramani. Ya Wales inaitwa Cof Cymru.

9. Kazi zipi zinahitaji kibali?

Kwa ufupi: kubomoa, kuharibu, kuondoa, kukarabati, kubadilisha, kuongeza, kufunika kwa udongo au kufurika kwa maji. Watu hushangaa kusikia kwamba hata ukarabati umo. Umo kwa sababu nzuri: mtu mwenye nia njema na shehena ya kifusi anaweza kuharibu kuliko kundi la sungura. Kusimika nguzo za uzio, kupitisha bomba la maji, kumwaga changarawe kwenye njia ya magari, kung'oa kisiki, kuweka benchi lenye msingi wa zege, yote hayo yanataka kibali kwanza.

Kuna vibali vya jumla ambavyo sheria yenyewe imeshavitoa. Cha muhimu kwa mkulima ni kile kinachomruhusu kuendelea na kilimo cha aina ileile alichokuwa akikifanya kihalali mahali palepale miaka ya karibuni. Ruhusa hiyo haimpi haki ya kulima kwa kina zaidi, kupasua tabaka la chini, kuchimba mifereji ya kutoa maji wala kupanda miti.

10. Anayevunja sheria hufanywa nini?

Kazi bila kibali ni kosa la jinai linaloweza kuleta faini kubwa. Anayeharibu kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, akijua mahali hapo pamelindwa, anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi miaka 2. Utetezi wa "sikujua" umebanwa sana Wales tangu 2016: mshtakiwa anatakiwa aonyeshe kwamba alichukua hatua zote za busara kujua kama mahali pameorodheshwa, na kwa kuwa ramani iko mtandaoni bure, hilo si jambo jepesi kulionyesha.

11. Sheria hizi zinafanana na zetu za Afrika Mashariki?

Kiini ni kimoja, njia zinatofautiana. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 imechora mstari wa mwaka: inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya nayo, katika sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006, inatumia 1895 kuamua kitu gani cha kuhamishika ni cha kale. England na Wales hazina mstari huo kwa maeneo ya kuorodheshwa. Kila mahali panapimwa kwa umuhimu wake, hivyo kilima kinaweza kuwa na miaka 900 na bado kisiwe kwenye orodha (tazama swali la 22).

Na tusidhani ngome za udongo ni mambo ya Ulaya peke yake. Bigo bya Mugenyi, kusini mwa mto Katonga nchini Uganda, ina mahandaki yenye jumla ya urefu unaozidi kilomita 10, ya kati ya karne ya 14 na ya 16 hivi, ambayo simulizi za wenyeji zinayahusisha na Bacwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa katika eneo hilo. Merrick Posnansky alichimba pale mwaka 1960, mwaka uleule Barker alipoanza Hen Domen. Tatizo la Bigo nalo ni lilelile: asiyejua anapita akiona mtaro na majani, anaendelea na safari.

## Sehemu ya tatu: kwa mwenye shamba

12. Nimenunua shamba lenye kilima kilichoorodheshwa. Naweza kufuga?

Ndiyo, na malisho ya kiasi ni rafiki mkubwa wa ngome ya udongo. Nyasi fupi zilizoshikana zinaufunga udongo na kuzuia vichaka. Kondoo wanafaa kuliko ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ni wazito, na ubavu mkali ukishalowa wakati wa baridi kwato zao huukata kama ngazi.

Uharibifu huanzia mahali padogo panapojulikana. Mwekee ng'ombe hori la nyasi kavu chini ya kilima, na baada ya majira moja ya baridi utakuta tope mahali palipokuwa na tuta. Hali ni hiyohiyo kwa birika la maji, jiwe la chumvi, na geti linalolazimisha mifugo yote kupita pengo moja. Sogeza vitu hivyo nje ya mstari wa ulinzi. Kondoo nao hupenda kujikunyata chini ya mti ubavuni wakikwepa upepo, wakichimba kijishimo kwa miili yao. Kijishimo hicho ndicho mvua inachokianzia.

13. Miti iliyomea juu ya kilima niikate?

Usikimbilie shoka, na usipande mingine. Mti mkubwa kwenye ubavu una hatari mbili: mizizi inayopenya tabaka, na siku ya dhoruba mti unapong'oka na sahani nzima ya udongo iliyobebwa na mizizi. Lakini mti huohuo huenda unashikilia ubavu usiporomoke, au ni makao ya popo, ambao nao wana sheria yao.

Ikikubaliwa ukatwe, ukatwe karibu na ardhi na kisiki kiachwe kioze chenyewe. Kamwe kisivutwe kwa trekta. Magogo yatolewe wakati ardhi ni kavu au imeganda, kwa kamba au kwa mikono, si kwa kuburuzwa juu ya tuta. Miche michanga ni jambo jepesi: ikatwe kila mwaka kabla haijawa mti. Brakeni, gugu la jamii ya ferni, halina budi kudhibitiwa mapema, maana mashina yake ya chini hutambaa kama mtandao na kuchanganya tabaka bila mtu kuona.

14. Baja wamechimba mashimo kwenye tuta. Naweza kuwafukuza?

Si wewe mwenyewe. Baja, mnyama wa ukoo mmoja na nyegere, analindwa na sheria yake ya 1992, na kuziba au kuvuruga shimo lake ni kosa. Wakati huohuo baja ni miongoni mwa waharibifu wabaya zaidi wa ngome za udongo: njia zake zinaingia mita nyingi ndani ya tuta, na kwenye rundo la udongo analotupa nje hupatikana mifupa na vigae ambavyo havitajulikana tena vilitoka tabaka gani.

Sheria iliona mgongano huo ikaweka mlango: leseni inaweza kutolewa kwa ajili ya kuhifadhi eneo lililoorodheshwa. Wales inaombwa kwa Natural Resources Wales, England kwa Natural England. Kazi hufanywa kwa milango ya kutokea bila kurudi, katika miezi ambayo hakuna watoto shimoni, kisha tuta hufunikwa kwa wavu wa chuma chini ya nyasi. Kibali cha malikale kinahitajika pia. Sungura hawana kinga hiyo, lakini kuwachimbua kwa koleo ndani ya eneo lililoorodheshwa ni uchimbaji, na uchimbaji unataka kibali.

15. Ubavu umeporomoka. Urekebishaji mzuri unafanywaje?

Kwanza chanzo kiondolewe, iwe ni mifugo, njia ya watu au maji ya mvua yanayopita mahali pamoja. Bila hivyo utarekebisha kila mwaka. Baada ya mwanaakiolojia kurekodi udongo uliofichuka, jeraha halichongwi wala halilainishwi. Linatandikwa kitambaa maalumu kinachopitisha maji, ndipo linajazwa udongo ulioletwa kutoka nje, safi, usio na vigae wala vitu vya kale. Mahali penye mteremko mkali hutumika magunia ya katani yaliyojazwa udongo, yakipangwa kama matofali na kufungwa kwa vigingi vya mbao. Juu kabisa hulazwa vipande vya nyasi pamoja na mizizi yake, na uzio wa muda huwekwa mpaka zishike.

Kitambaa kile kina kazi mbili. Kinashika udongo mpya, na kinamwachia mchimbaji wa miaka 100 ijayo alama isiyo na shaka: hapa ndipo kazi yetu ilipoishia, na chini yake ni ya karne ya 11. Huo ni uungwana kwa mtu ambaye hatutamwona, na ningependa kila mkandarasi auelewe hivyo.

16. Kuna msaada wa fedha?

Upo, kwa kuombwa. Cadw inaweza kuingia mkataba wa utunzaji na mwenye ardhi, na England kuna malipo kupitia mipango ya mazingira ya kilimo. Kuorodheshwa kwenyewe hakuleti fidia. Fidia ipo kwa hali chache ambapo kibali kimenyimwa. Piga simu kabla ya kuanza kazi, kwa sababu kazi iliyokwisha kufanywa ni vigumu kulipiwa.

## Sehemu ya nne: kwa mgeni

17. Naruhusiwa kupanda juu ya kilima?

Inategemea ardhi ni ya nani. Kuorodheshwa hakumpi mtu yeyote haki ya kuingia. Hen Domen iko kwenye ardhi ya mtu binafsi, na anayetaka kuitembelea anaomba ruhusa kwanza. Ngome ya mawe ya Montgomery iko chini ya uangalizi wa Cadw na iko wazi kwa umma. Ukiruhusiwa kupanda, fuata njia iliyopo. Usikate njia mpya ubavuni, na baiskeli au pikipiki ziache barabarani.

18. Naweza kutumia detekta ya chuma?

Hapana, isipokuwa una leseni ya maandishi. Ndani ya eneo lililoorodheshwa ni kosa kutumia kifaa hicho hata kama mwenye shamba amekukubalia, na hata kama hukuchimba kitu. Sheria imeandikwa kwa upana kiasi kwamba hata wanasayansi wanaopima ardhi kwa sumaku bila kugusa udongo huomba leseni hiyohiyo.

Wapo wanaokuja usiku na taa za kichwani. Sarafu moja ikichomolewa kwenye sakafu ya jengo, inaondoka na ushahidi ambao ungeonyesha jengo hilo ni la mwaka gani. Ukiwaona, usiwaendee, piga polisi 999 ikiwa tendo linaendelea, au 101 ikiwa limekwisha.

19. Nimeona kigae kwenye udongo wa shimo la sungura. Nifanye nini?

Kiache, kipige picha na kitu cha kuonyesha ukubwa, andika mahali, mwambie mwenye shamba. Vitu vya kawaida ni mali yake. Kikiwa ni dhahabu au fedha ya kale, kinaweza kuwa hazina kisheria, na hapo kuna siku 14 za kutoa taarifa kwa afisa wa serikali anayehusika.

## Sehemu ya tano: hali zisizo za kawaida

20. Je, kilima kinaweza kuwa cha zamani kuliko Wanormani?

Kinaweza, na imetokea. Kilima cha Skipsea, Yorkshire, kiliaminika siku zote kuwa cha Kinormani mpaka watafiti wakiongozwa na Jim Leary walipotoboa tundu jembamba kutoka kileleni na kupima mabaki ya mimea yaliyomo. Mwaka 2016 walitangaza kwamba kilirundikwa miaka kama 2,500 iliyopita, katika Zama za Chuma. Kilima cha Marlborough, ndani ya uwanja wa shule, kilipimwa kwa njia hiyo na kuonekana ni cha karibu mwaka 2400 kabla ya Kristo. Wanormani walikuta vilima vimesimama, wakavitumia.

Kwa ulinzi hilo halipunguzi chochote, linaongeza. Na linaonyesha kwa nini udongo wa ndani usiguswe kwa dhana kwamba "tunajua tayari ni wa nini".

21. Kuna nyumba au kanisa ndani ya ua wa ngome. Vinahesabiwaje?

Nyumba inayokaliwa na watu na kanisa linalotumika kwa ibada haviorodheshwi kwa sheria hii. Vina sheria yake ya majengo. Lakini ardhi iliyo chini na kando yake inaweza kuwa imeorodheshwa, kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kuchimba shimo la maji taka bustanini anahitaji kibali ingawa anaweza kupaka rangi ukuta wake bila kumwuliza mtu wa malikale.

22. Kilima cha kijijini kwetu hakimo kwenye orodha. Hakina kinga kabisa?

Kina kinga kidogo. Mtu akiomba kujenga, ofisi ya mipango hutazama kumbukumbu za mambo ya kale za eneo hilo, na inaweza kukataa au kudai uchunguzi kwanza. Wales kumbukumbu hizo zinatunzwa na Heneb, iliyoundwa mwaka 2024 kwa kuunganisha taasisi nne za akiolojia. Lakini kulima au kusawazisha kwa trekta mara nyingi hakuhitaji kibali cha ujenzi, na hapo ndipo pengo lilipo. Kama kilima hakimo hata kwenye kumbukumbu za eneo, peleka taarifa: ramani, picha, jina linalotumiwa na wazee. Vipimo vya leza kutoka angani, ambavyo huondoa miti kwenye picha na kuacha umbo la ardhi, vinapatikana bure kwa sehemu kubwa ya England na Wales, na mtu aliyekaa nyumbani anaweza kuona handaki ambalo halionekani kwa macho.

23. Kwa nini wasichimbe zote ili tujue yaliyomo?

Kwa sababu uchimbaji unamaliza kile unachokisoma. Hen Domen ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa nusu ya ua, na nusu nyingine iliachwa kwa makusudi. Wakati Barker anaanza, vipimo vinavyofanyika leo vya kemia ya udongo au chembe za urithi havikuwepo. Watakaokuja watauliza maswali ambayo sisi hatujayafikiria, na wanastahili kukuta pa kuyauliza.

24. Basi mnara wa mbao ujengwe upya juu ya kilima, watu waone ulivyokuwa?

Hamu hiyo naielewa, lakini msingi wa mnara mpya utachimbwa kwenye mashimo ya ule wa zamani. Wajerumani wa Lütjenburg walifanya vizuri: walijenga kilima kipya, mnara na ua kwenye eneo jipya, wakitumia yaliyojulikana kutokana na uchimbaji, na wageni wanapanda ngazi za mbao bila kuumiza malikale. Pendekezo la kujenga juu ya kilima chenyewe lina nafasi ndogo sana ya kupata kibali.

25. Marehemu alikipenda kilima hicho. Tunaweza kuacha majivu yake pale?

Kuyatawanya juu ya nyasi, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, si kazi ya kuhitaji kibali cha malikale. Kuchimba shimo la kuyazika, kupanda mti wa ukumbusho au kuweka jiwe lenye jina, vyote vinahitaji kibali, na kwa kawaida jibu huwa hapana. Maafisa wanaohusika wamezoea swali hili na hulijibu kwa heshima. Waandikieni mapema, mkitaja jina la kilima na tarehe mnayoifikiria.